Sababu ya hifadhidata kupuuza faharasa iliyopo

WASIMAMIZI wa hifadhidata wana lalamiko moja la miaka mingi. Faharasa imeundwa, imekamilika na iko tayari, lakini swali linapoulizwa, tarakilishi huipita kando na kusoma jedwali zima, rekodi baada ya rekodi, tangu mwanzo hadi mwisho. Mteja aliyepanga foleni katika benki, au mgonjwa anayesubiri rekodi zake zipatikane, huambiwa tu kwamba mitambo inakwenda polepole.

Wengi hudhani kuwa hiyo ni hitilafu ya programu. Aghalabu sivyo. Uamuzi wa kuiacha faharasa hufikiwa kwa hesabu, na mara nyingi hesabu hiyo huwa sahihi. Inapokosea, kosa huwa na chanzo kinachoweza kutambuliwa: ama habari zilizotegemewa katika hesabu zimechakaa, ama swali lenyewe limeundwa kwa namna isiyolingana na faharasa. Msimamizi anayeweza kuzitofautisha hali hizi tatu hujua pa kuanzia kazi yake. Asiyeweza hubaki akiongeza faharasa moja juu ya nyingine, na mitambo isipate nafuu.

Faharasa na kazi yake

Hifadhidata hupanga habari katika majedwali. Kila jedwali lina safu zake, mathalani jina, nambari ya kitambulisho na tarehe ya kuzaliwa, na kila mtu aliyeandikishwa ana rekodi yake. Rekodi hizo huwekwa kwenye diski katika vipande vya ukubwa sawa viitwavyo kurasa. Katika PostgreSQL, hifadhidata isiyolipiwa iliyotokana na mradi ulioanzishwa na Michael Stonebraker katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka wa 1986, ukurasa mmoja kwa kawaida huwa na kilobaiti 8.

Faharasa ni orodha ya pembeni inayozitaja thamani za safu fulani kwa mpangilio, na kuonyesha rekodi ya kila moja iko katika ukurasa upi. Aina inayotumika zaidi ni ile iitwayo B-tree, yaani muundo wa mti, iliyobuniwa na Rudolf Bayer na Edward McCreight walipokuwa watafiti wa kampuni ya Boeing nchini Marekani. Makala yao kuhusu muundo huo ilichapishwa katika jarida la kitaaluma mwaka wa 1972. Matawi ya mti huo ni mengi lakini ngazi zake ni chache, hivyo basi hata jedwali likiwa na mamilioni ya rekodi, hatua chache tu zinatosha kuifikia thamani inayotafutwa.

Mfano wa karibu ni masjala ya ofisi yoyote kubwa. Karani ana daftari linaloonyesha faili ya kila mtu imo katika kabati gani. Akiombwa faili tatu, hulitazama daftari, kisha akaenda moja kwa moja kwenye makabati yanayohusika. Lakini akiombwa faili 4,000 kati ya 10,000 zilizomo, hatalitazama daftari mara 4,000 huku akikimbia kutoka kabati hili hadi lile. Ataanzia kabati la kwanza, apitie faili zote kwa mfululizo na kuzitoa zile zinazohitajika. Hakuna mkuu wa ofisi atakayemlaumu kwa kulidharau daftari.

Anayeichagua njia

Ndani ya hifadhidata, uamuzi kama wa karani huyo hufanywa na sehemu ya programu iitwayo kipangaji. Asili yake ni utafiti wa kampuni ya IBM. Mwaka wa 1970, Edgar F. Codd alichapisha pendekezo la kuzipanga habari kwa namna ambayo mtumiaji hatalazimika kujua jinsi zilivyohifadhiwa ndani ya tarakilishi. Mtumiaji angetaja anachokitaka, na mashine ikitafute.

Pendekezo hilo lilizua suala gumu. Ikiwa mtumiaji haitaji njia, ni nani atakayeichagua? Jibu lilitoka katika mradi wa System R, uliofanywa na watafiti wa IBM mjini San Jose, jimboni California. Mwaka wa 1979, Patricia Selinger na wenzake walichapisha makala iliyoeleza jinsi programu inavyoweza kukadiria gharama ya kila njia inayowezekana, kisha ikachagua iliyo nafuu kuliko zote. Msingi huo ndio unaofuatwa hadi leo na hifadhidata mashuhuri, zikiwemo Oracle, MySQL na PostgreSQL.

Gharama inayozungumziwa hapa si ya shilingi. Ni kipimo cha kazi: ni kurasa ngapi zitasomwa kutoka kwenye diski, na ni rekodi ngapi zitakaguliwa na kichakataji. Kipangaji hukisia kazi hiyo kabla ya kuanza, wala hakijui jibu la swali litakuwa lipi.

Hesabu ilivyo

Katika PostgreSQL, kusoma ukurasa mmoja kwa mfululizo hukadiriwa kuwa na gharama ya 1, ilhali kuurukia ukurasa ulio mahali pengine hukadiriwa kuwa na gharama ya 4. Viwango hivyo ndivyo vinavyokuja na programu, na msimamizi anaweza kuvibadilisha.

Tofauti hiyo inatokana na diski zinazozunguka. Diski inayozunguka mara 7,200 kwa dakika humaliza mzunguko mmoja kwa takriban milisekunde 8.3. Kila inaporukia mahali papya, kwa wastani hungoja nusu ya mzunguko kabla habari zinazotakiwa hazijafika chini ya kichwa cha kusomea, mbali na muda wa kukihamisha kichwa chenyewe. Anayesoma kwa mfululizo huepuka kungoja huko.

Chukua jedwali la kubuni lenye rekodi 10,000,000, na kila ukurasa ukiwa na rekodi 80. Jedwali hilo lina kurasa 125,000, hivyo kulisoma lote kwa mfululizo kunagharimu 125,000. Iwapo swali linahitaji rekodi 500 zilizotawanyika, kila moja katika ukurasa wake, gharama ya kuzirukia ni 2,000 tu. Faharasa inashinda kwa mbali.

Lakini swali likihitaji rekodi 31,250, gharama ya kuzirukia inafika 125,000, na njia hizo mbili zinatoka sare. Idadi hiyo ni rekodi moja tu katika kila 320. Ikizidi hapo, kuifuata faharasa kunahesabiwa kuwa hasara. Hesabu hii imerahisishwa, kwani kipangaji huongeza kazi ya kichakataji na huzingatia kurasa ambazo huenda tayari zimo katika kumbukumbu ya tarakilishi. Hata hivyo, inaonyesha jambo linalowashangaza wengi: sehemu ya jedwali ambayo faharasa inaweza kuihudumia kwa faida huwa ndogo mno.

Diski za kisasa zisizozunguka hazina kichwa cha kuhamishwa, na kwazo kurukia ukurasa hakuna adhabu kubwa. Msimamizi mwenye diski za aina hiyo ambaye hajakipunguza kiwango cha 4 anakipa kipangaji picha ya mashine ya zamani. Wengi hukishusha hadi karibu na 1.1. Katika mfano uliotajwa, badiliko hilo peke yake linaisogeza sare kutoka rekodi 31,250 hadi takriban 113,600.

Pale ambapo kupuuza ni sahihi

Kutokana na hesabu hiyo, zipo hali ambazo faharasa huachwa kwa haki. Ya kwanza ni safu yenye thamani chache. Faharasa ya jinsia ya wateja, kwa mfano, haina msaada mkubwa kwa anayetaka orodha ya wanawake wote, ikiwa wao ni karibu nusu ya jedwali.

Ya pili ni thamani iliyozagaa. Tuseme asilimia 40 ya wateja wa kampuni fulani wanaishi Nairobi na wachache mno wanaishi Lamu. Swali kuhusu Lamu litatumia faharasa ya mji, na swali lilo hilo kuhusu Nairobi halitaitumia. Safu ni ile ile na faharasa ni ile ile. Kilichobadilika ni neno moja, nalo limebadilisha idadi ya rekodi zinazotarajiwa.

Ya tatu ni jedwali dogo. Jedwali ambalo rekodi zake zote zimo katika ukurasa mmoja halihitaji faharasa, kwa sababu kuisoma faharasa kwanza ni kuongeza kazi. Hapa ndipo wanaofanya majaribio wanapopotoka: huunda jedwali la rekodi 20, wakaona faharasa haitumiki, wakahitimisha kuwa ina kasoro.

Aidha, kipangaji hutazama jinsi rekodi zilivyopangwa kwenye diski. Malipo yanayoandikwa siku baada ya siku hukaa kwa mfuatano wa tarehe. Anayeuliza malipo ya wiki moja huzikuta rekodi zikiwa zimepakana, na faharasa ya tarehe hufaa hata kama rekodi ni nyingi. Anayeuliza malipo ya tawi moja huzikuta zimetapakaa katika jedwali zima.

Kati ya njia hizo mbili ipo ya tatu, ambayo PostgreSQL iliipata katika toleo la 8.1 la mwaka wa 2005. Programu huisoma faharasa kwanza na kuweka alama kwenye kurasa zote zinazohitajika, kisha huzisoma kurasa hizo kwa mpangilio wake, kila mojawapo mara moja tu.

Takwimu zilizochakaa

Kipangaji hukisia idadi ya rekodi kwa kutumia takwimu zilizokusanywa awali: ni thamani zipi zimezagaa, ni ngapi zinatofautiana, na zimeenea vipi. Takwimu hizo hutokana na sampuli. Kwa viwango vinavyokuja na PostgreSQL, sampuli ni rekodi 30,000, hata jedwali likiwa na mamilioni.

Sampuli hiyo huchukuliwa upya yenyewe pale rekodi zilizobadilika zinapozidi asilimia 10 ya jedwali na nyingine 50 juu yake. Kwa jedwali dogo kiwango hicho kinafaa. Kwa jedwali kubwa kinaweza kuleta balaa.

Tuseme jedwali la maombi lina rekodi 10,000,000, na siku takwimu zilipokusanywa maombi 900,000 yalikuwa yanasubiri kushughulikiwa. Maafisa wakafanya kazi kwa bidii hadi yakabaki 200. Rekodi zilizobadilika ni 899,800, ilhali kiwango cha kuchukua sampuli mpya ni 1,000,050. Kwa hivyo sampuli haichukuliwi. Afisa anapouliza maombi yanayosubiri, kipangaji bado kinaamini kuwa ni asilimia 9 ya jedwali, kinaiacha faharasa, na kurasa zote zinasomwa ili kupata rekodi 200. Kipangaji kimepiga hesabu vizuri kwa kutumia habari za jana.

Dawa yake ni rahisi. Amri ya ANALYZE huchukua sampuli mpya, kwa kawaida bila kuwazuia watumiaji kuendelea na kazi. Isitoshe, msimamizi anaweza kukishusha kile kiwango cha asilimia 10 kwa majedwali makubwa pekee.

Makadirio pia huharibika pale safu mbili zinapotegemeana. Kipangaji huchukulia kuwa mji na kaunti ni mambo mawili yasiyohusiana, ilhali mkazi wa mji wa Kisumu yumo katika Kaunti ya Kisumu bila shaka. Kikizidisha uwezekano wa mambo hayo mawili, kitapata idadi iliyo ndogo kupita kiasi na huenda kikachagua njia isiyofaa. PostgreSQL imekuwa na njia ya kukusanya takwimu za safu zinazotegemeana tangu toleo la 10, lililotolewa mwaka wa 2017.

Swali lisilolingana na faharasa

Hali ya tatu haihusu gharama. Hapa faharasa haiwezi kutumika kabisa kwa sababu ya jinsi swali lilivyoulizwa, na kamusi ya Kiswahili inatoa mfano ulio wazi.

Kamusi hupanga maneno kwa herufi ya kwanza. Anayetaka maneno yanayoanza kwa "pi" huyapata papo hapo. Anayetaka maneno yote yanayoishia kwa "-isha" hana budi kuisoma kamusi nzima. Vivyo hivyo, swali linalotafuta majina yanayoishia kwa silabi fulani halisaidiwi na faharasa ya kawaida ya majina.

Tena, kamusi huliweka neno "pika" chini ya herufi P. Anayelitafuta neno "anapika" chini ya A atatoka patupu, kwa sababu anatafuta umbo ambalo halikuorodheshwa. Kosa la aina hiyo hufanywa kila siku katika hifadhidata. Faharasa ina majina yalivyoandikwa, lakini swali linaagiza kila jina ligeuzwe kuwa la herufi kubwa kwanza, kisha lilinganishwe. Faharasa ina tarehe kamili, lakini swali linaagiza mwaka utolewe katika kila tarehe, kisha ulinganishwe na 2024. Umbo lililogeuzwa halimo katika faharasa, kwa hivyo kila rekodi lazima isomwe na kugeuzwa.

Kwa tarehe, suluhisho ni kuuliza rekodi za kuanzia Januari 1, 2024 hadi kabla ya Januari 1, 2025. Jibu halibadilika, nayo faharasa inatumika. Kwa majina, msimamizi anaweza kuunda faharasa ya umbo lililogeuzwa, jambo ambalo PostgreSQL inaliruhusu.

Mtego mwingine ni wa aina ya habari. Nambari za simu nchini Kenya huanza kwa sifuri, na kwa sababu hiyo huhifadhiwa kama maandishi ili sifuri hiyo isipotee. Katika MySQL, mwandishi wa programu akisahau alama za kunukuu, nambari anayoitafuta huchukuliwa kuwa tarakimu za hesabu. Kwa kuwa maandishi kadha tofauti yanaweza kugeuka kuwa nambari moja, MySQL haiwezi kujua yako wapi katika faharasa, na hulazimika kugeuza rekodi zote. Alama mbili ndogo zinaweza kuwa ndizo tofauti kati ya jibu la mara moja na kungoja kwa dakika nzima.

Kuna pia faharasa ya safu mbili, kama vile jina la ukoo likifuatwa na jina la kwanza. Mpangilio huo humfaa anayelijua jina la ukoo. Anayelijua jina la kwanza pekee hapati msaada wa maana, ingawa baadhi ya hifadhidata zina mbinu ya kurukaruka ndani ya faharasa kama hiyo pale safu ya kwanza inapokuwa na thamani chache. PostgreSQL iliipata mbinu hiyo katika toleo la 18 la mwaka wa 2025.

Hatua za kuchukua

Asiyeuliza hanalo ajifunzalo, na kipangaji nacho hujibu kikiulizwa. Amri ya EXPLAIN ikitangulia swali, huonyesha njia iliyochaguliwa pamoja na gharama na idadi ya rekodi zinazokadiriwa. Ikiongezewa neno ANALYZE, swali hutekelezwa kweli na idadi halisi huonyeshwa kando ya makadirio.

Tahadhari ni muhimu hapa. EXPLAIN ANALYZE ikitangulia amri ya kufuta rekodi, rekodi hizo hufutwa kwelikweli. Anayetaka kuchunguza amri ya aina hiyo hana budi kuianzisha ndani ya shughuli inayoweza kubatilishwa, kisha aibatilishe.

Idadi hizo mbili ndizo zinazoonyesha ugonjwa. Makadirio yakiwa rekodi 900,000 na hali halisi ikiwa 200, tatizo ni takwimu. Makadirio yakikaribiana na hali halisi na rekodi zikiwa nyingi, huenda kipangaji kimefanya haki. Ikiwa rekodi ni chache, makadirio ni sahihi na bado faharasa haikuguswa, basi swali lenyewe lichunguzwe kama linalingana na faharasa.

Kwa majaribio, PostgreSQL humruhusu msimamizi kuizima kwa muda njia ya kusoma jedwali zima, ili alinganishe muda wa njia mbili. Faharasa ikipata ushindi wa wazi, viwango vya gharama vitazamwe upya. Faharasa ikiendelea kuachwa hata hapo, kuna uwezekano mkubwa kuwa haiwezi kulihudumia swali hilo.

Wakati mwingine kinachotakiwa ni faharasa ya aina nyingine. Ile ya maombi yanayosubiri pekee huwa ndogo, na hulihudumia vyema swali linaloulizwa kila siku. Ile iliyo na safu zote zinazohitajika katika jibu huiwezesha PostgreSQL, tangu toleo la 9.2 la mwaka wa 2012, kujibu kutoka kwenye faharasa yenyewe huku ikiepuka kurasa nyingi za jedwali.

MySQL na Oracle zina maagizo ya kukielekeza kipangaji kwenye faharasa fulani. Maagizo hayo huokoa jahazi wakati wa dharura, lakini hubaki ndani ya programu ilhali habari zinaendelea kubadilika. Thamani iliyokuwa na rekodi 500 mwaka huu huenda ikawa na milioni moja baadaye, na njia iliyokuwa fupi ikageuka kuwa mzigo ambao kipangaji hakina ruhusa ya kuutua.

Fauka ya hayo, kila faharasa ina gharama yake hata isipotumiwa kutafuta chochote. Rekodi mpya inapoingizwa, faharasa zote za jedwali hilo huhitaji kuandikwa upya sehemu zake, na zote huchukua nafasi kwenye diski. PostgreSQL huweka hesabu ya mara ambazo kila faharasa imetumika. Isiyotumika kwa muda mrefu inaweza kuondolewa, mradi iwe imethibitishwa kuwa si ile inayozuia nambari moja ya kitambulisho kuandikishwa mara mbili.